Maswali ya Wasomaji: Kichwa Kuvuma Ubalozini

SWALI: Kaka yangu anahamishiwa ubalozi wetu ng'ambo. Huu "ugonjwa wa Havana" upo kweli? Ajikinge vipi? – Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Dalili zipo, kinachogombaniwa ni chanzo. Mwishoni mwa 2016, wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani mjini Havana, Cuba, walianza kulalamikia sauti kali ya ghafla au mgandamizo kichwani, kisha maumivu ya sikio, kizunguzungu na usahaulifu. Jopo la wanasayansi mwaka 2020 liliona mawimbi ya redio yanayorushwa kwa mapigo mafupi ndiyo maelezo yanayoelekea zaidi. Machi 2023 mashirika mengi ya ujasusi ya Marekani yakasema haielekei kabisa kuwa ni kazi ya adui. Picha za MRI (kipimo cha kuona ndani ya ubongo) za walioathirika, zilizotangazwa 2024, hazikuonyesha jeraha la ubongo. Na sauti moja iliyorekodiwa Cuba? Watafiti waliilinganisha na ya nyenje.

Kwa hivyo asinunue vifaa vya "kuzuia mawimbi". Apimwe masikio, uwezo wa kusimama bila kuyumba na kumbukumbu kabla ya kusafiri, abaki na nakala za matokeo. Bila hizo daktari hana cha kulinganisha. Dalili hizo zikimpata, atoke chumba kile mara moja, aandike saa na mahali, asiendeshe gari, amwone daktari siku hiyohiyo.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hicho huenda ni kiharusi: hospitali papo hapo. Kizunguzungu cha sekunde chache akigeuka kitandani mara nyingi hutoka sikio la ndani, na daktari hukitibu kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu.