Kutembea kandokando ya Kafubu na watoto

Dada, umeuliza kama unaweza kuwapeleka watoto wako wawili kutembea kando ya mto Kafubu, nje kidogo ya Lubumbashi, Jumamosi moja ya Novemba. Unaweza, lakini ningekuwa wewe ningengoja Juni au Julai. Novemba mvua zinaanza: udongo wetu mwekundu unateleza kama sabuni, na radi ya alasiri si ya kukutwa nayo uwandani. Mwezi wa sita njia ni kavu na asubuhi ni baridi, basi beba makoti.

Kama ni lazima iwe Novemba, ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mrudi kabla ya saa sita. Fuata njia za wavuvi na wakulima, na ukifika kijijini salimia kwanza, uombe kijana wa pale awasindikize. Mlipe vizuri. Chukua kitambulisho chako, na usipige picha za daraja, askari wala mgodi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni maji. Kafubu hupokea mto Lubumbashi na uchafu wote wa mji, pamoja na taka za migodi. Watoto wasiogelee, wasinywe, hata miguu wasichovye. Wangu mmoja alichovya, baadaye akaanza kukojoa damu; ilikuwa kichocho. Ukiona dalili hiyo, au homa baada ya matembezi, usinunue dawa barabarani. Mpeleke kwa daktari apimwe, na umwambie mlipita wapi.