Rafiki akikufa usijifanye mugumu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Bukavu aliniandikia, eti kaka, rafiki yangu alikufa na nyumbani wananiambia machozi yatosha, hakuwa ndugu yako, sasa nifanye nini? Nilisoma nikazima simu. Siku tatu sijamujibu, juu hiyo kitu mi mwenyewe inanishinda.

Usiku wa tatu nikafungua diski ya mwenzangu. Aliniachia imejaa series za kizamani, alipenda vitu vya wazee yule. Nikaangukia M*A*S*H, ile ya madaktari wa jeshi la Marekani kwenye vita ya Korea, msimu wa kwanza, sehemu moja iliyopita kwenye televisheni 28 Januari 1973, siku moja tu baada ya watu kutia sahihi kule Paris vita ya Vietnam iishe. Komedi, nikajua nitacheka nilale. Wapi!

Daktari Hawkeye anatembelewa na rafiki yake wa zamani, Tommy, mwandishi. Tommy amejiingiza jeshini kama askari wa kawaida sababu anataka kuandika kitabu cha vita kutoka ndani, na jina la kitabu liko tayari, kwamba risasi yako wewe huisikii. Wanakunywa, wanataniana, anarudi mbele. Kisha analetwa kwenye machela na anamwambia Hawkeye kwamba yake aliisikia. Anafia pale mezani. Hawkeye analia, na mkubwa wake Henry anamwambia vita iko na sheria mbili, ya kwanza vijana wanakufa, ya pili daktari hawezi kubadilisha ile ya kwanza.

Hapo njo nilisimamisha.

27 Januari 2025 mji wetu wa Goma, huku mashariki ya Kongo, uliingiliwa na waasi wa M23, mnajua. Kwetu mtaa wa Keshero hakuna maji, hakuna umeme, risasi zinalia kila upande. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunatengeneza video za mtaa, mimi naandika, yeye anashuti na simu ya kioo kilichopasuka amefunga na lastiki, na wewe unayesoma hapa najua uko na ndoto kama yetu, basi nikuambie tulikuwa wazuri, sijisifu, watu walikuwa wanatusimamisha njiani. Kulipotulia kidogo akabeba bidoni, dumu la maji, aende kuchota ziwani, upande wa Kituku. Nikamwambia: ukifika, shuti kidogo.

Maneno matatu tu. Risasi ya kupotea, ndivyo walivyosema wale vijana aliokuwa nao. Kama aliisikia ao hakuisikia, hakuna aliyeniambia na sikuuliza.

Kwenye kilio ndugu yake mukubwa akaniuliza mbele ya watu, wewe ni nani kwake? Nikasema rafiki. Akasema marafiki wako nje. Mpaka leo inaniuma, sifichi. Basi nikakaa nje, siku zote zile nabeba viti vya plastiki, navipanga, navipangua, sitoi chozi, na wamama wananisifu, huyu kijana ni mugumu kweli, na mimi nafurahi! Nilifurahi kusifiwa kwenye kilio cha mutu niliyemtuma kushuti.

Miezi ya katikati naruka, haina kitu. Machozi yalikuja kutoka mwezi wa tano, niko sokoni nanunua sambaza, vile visamaki vya ziwa, muuzaji ananipimia na kikopo, nikaanza kulia hadi akanirudishia pesa zangu.

Kwa hiyo dada, ushauri wangu: lia. Usingoje wakupe ruhusa, hawatakupa, kwetu kilio kiko na wenyewe na rafiki hana kiti mule ndani. Lia mapema. Na nyinyi wengine mnaoweka picha ya marehemu mtandaoni kabla mama yake hajaambiwa, mkihesabu like, muogope Mungu. Na usitume mwenzako kushuti mahali wewe mwenyewe huendi. Video gani hiyo? Mtu anasema bila picha hakuna stori, mimi nilikuwa naisema hiyo kila siku, nisikusikie unaisema. Ukiwa na machozi yatoe, hata barabarani, hata juu ya pikipiki, motari atangoja.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Wale vijana walinirudishia bidoni mimi, juu kwangu njo karibu. Ya manjano, mufuniko umefungwa na kipande cha plastiki, na ilikuwa na maji, karibu nusu. Nyumbani watoto walikuwa na kiu tangu jana yake. Tuliyachemsha tukayanywa.

Mama yake ameulizia ile bidoni mara mbili. Nilimwambia nitaleta Jumapili. Iko hapa nyuma ya mlango, na Jumapili sijui ngapi zimepita.