Kuhema kwa shangazi: asidi, magadi na moyo

Mwezi wa saba mwaka jana, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika kwelikweli, shangazi alikuja kwangu Nkuhungu kutoka Bahi na chupa ya magadi yaliyokorogwa na ndimu. Aliyemuuzia alimwambia kisukari ni asidi iliyojaa kwenye damu, basi anywe ile asubuhi na jioni, insulini aipumzishe. Siku ya tatu akaanza kutapika. Usiku akawa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu za harakaharaka, na kinywa kikinuka kama matunda yaliyochacha. Tukadhani ni pumu. Naumia mpaka leo kwa saa tulizopoteza.

Hospitalini walipima damu: pH 7.1, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi. Ya mtu mzima wa afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Asidi kweli ilikuwepo, ila ilitokana na kuachwa kwa insulini. Mwili ukikosa insulini hushindwa kutumia sukari, unachoma mafuta, na mafuta hayo yanaacha ketoni, ambazo ni asidi. Kule kuhema kulikuwa mapafu yakitoa hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo ikibaki kwenye damu huongeza asidi. Mwili ulikuwa unajitetea.

Daktari aliyenieleza habari ya moyo alikuwa na subira, namshukuru. Chemba ya juu ya kulia ina kifundo kidogo kinachojiwashia umeme chenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Asidi ikizidi, kifundo hicho huelekea kupunguza kasi. Msuli nao hulegea: kalsiamu ndiyo inayouamuru ujikunje, na asidi huizuia isishike mahali pake, hivyo amri inafika lakini msuli haukazi. Mtafiti Mwingereza Gaskell aliliona hilo kwenye moyo wa chura mwaka 1880. Asidi iliulegeza, alkali, kinyume cha asidi, ikaukaza.

Mapigo ya shangazi hata hivyo yalikuwa ya haraka, maana alikuwa amekauka maji na adrenalini, homoni ya mshtuko, imempanda. Ya haraka, lakini hafifu. Nilipomshika mkono niliyatafuta kwa shida.

Kilichonitisha zaidi ni potasiamu, madini yaliyo mwilini. Insulini ikikosekana na asidi ikizidi, potasiamu hutoka ndani ya seli na kujaa kwenye damu, na hiyo inaweza kuvuruga umeme wa moyo hadi ukasimama. Ukianza kumpa mgonjwa insulini, potasiamu inarudi ndani ya seli, kiwango chake kwenye damu kinashuka, na kushuka nako ni hatari. Ndiyo maana walimwekea nyaya kifuani na kumpima damu kila baada ya saa chache, dripu ikiendelea. Nyumbani hilo haliwezekani, msidanganyike.

Na magadi? Mimi ni Mgogo, nimekulia mlenda wa magadi na sina ugomvi nayo kwenye sufuria. Kunywa glasi kwa glasi ni jambo jingine. Magadi ni alkali, na damu ikizidi alkali, potasiamu hupungua na kalsiamu iliyo huru nayo hupungua. Vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa, moyo huruka mapigo. Sodiamu yake tena ni mzigo kwa mwenye presha.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa wa kisukari ndani, asiache insulini hata siku asiyokula. Apime sukari na aulize kituoni kuhusu dozi. Akitapika huku anahema hivyo, usingoje kukuche. Ita bajaji.

Shangazi alilazwa siku nne. Kule Bahi hana friji, kwa hiyo insulini yake inakaa ndani ya kopo lililofungwa vizuri, kopo ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa maji, kivulini nyuma ya mlango. Kila asubuhi mjukuu wake hukilowesha upya kabla ya kwenda shule.