Rapa unayejipikia biti mwenyewe, soma hii kabla hujaachia ngoma

Machalii wengi wanaonicheki WhatsApp swali lao la kwanza ni maiki gani wanunue, la pili ni nani anaweza kuwafikisha redioni. Maswali ya maana hayo na la kwanza nitaligusa hapa chini. Ila kwa uzoefu wangu wa kuchana na kupika midundo hapa Arusha, bila lebo wala meneja, kinachoamua kama utakula kwenye huu mziki ni swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza, hiyo ngoma ni ya nani? Namaanisha kwenye maandishi. Biti ya nani, kiitikio cha nani, rekodi ya nani, na hela ikiingia kila mtu anachukua asilimia ngapi.

Elewa hili kwanza, kila ngoma ina haki mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno, melodi na mdundo, afu kuna rekodi yenyewe, lile faili watu wanalosikiliza. Lebo ikikulipia studio mara nyingi rekodi inakuwa yao hata kama kila mstari umeuandika wewe. Ukijirekodi mwenyewe geto kwa laptop yako, kwa biti yako, zote mbili ni zako, na hii ndo faida kubwa kuliko zote ya kuwa rapa na prodyuza kwa wakati mmoja. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utunzi wako maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Wanao na wajukuu wako wanaweza kula kwenye kitu ulichokipika usiku mmoja Ngarenaro, na bado watu wanakiachia kirahisi hivo hivo tu.

Kaka zetu waliotutangulia hawakuwa na hii nafasi. Enzi za kaseti msanii alikuwa anaenda kwa prodyuza mwenye studio, na studio zenyewe zilikuwa za kuhesabu, Bongo Records ya P-Funk, MJ Records ya Master J na nyingine chache, afu albamu inapelekwa kwa msambazaji Kariakoo anayeichukua kwa hela ya mkupuo, na ikishaingia pale msanii hana namna ya kujua zimetoka kaseti ngapi. Mtu anaimbwa nchi nzima na bado anagombania daladala. Ndo maana nawaheshimu sana kundi la Tamaduni Muzik, kina Nikki Mbishi, One the Incredible, Songa, na Duke kwenye midundo, kwa kuonyesha kwamba emsii wa hip hop ngumu anaweza kuuza CD yake mwenyewe mkono kwa mkono kwa shabiki wake. Na ndo maana kundi la Weusi wa hapa hapa Chuga, yaani Arusha, kujiita kampuni lilikuwa jambo kubwa kwetu tuliokuwa wadogo, ukawa unaona kumbe machalii wanaweza kukaa mezani wakaongelea mkataba kama wanavyoongelea vina.

Sasa mgawanyo. Unaandikwa usiku ule ule mnaorekodi, kabla mtu hajavaa viatu kuondoka. Kesho yake kila mtu anakumbuka mchango wake mkubwa kuliko ulivyokuwa, na ngoma ikishaanza kupigwa ndo kabisa. Mi naanzia na utaratibu wa kawaida wa hip hop, nusu ya utunzi ni ya biti, nusu ni ya maneno, afu aliyeandika kiitikio anapata kwenye ile nusu ya maneno. Kwahiyo kama biti nimepika mimi na vesi zote nimechana mimi, dada aliyeandika na kuimba kiitikio tunakubaliana labda 20 kwake na 80 kwangu. Nafungua grupu la WhatsApp la hiyo ngoma peke yake, naandika jina la ngoma, tarehe, majina yetu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na sio majina ya jukwaani, asilimia za utunzi na asilimia za rekodi, kila mtu anajibu nakubali. Baadae tunahamishia kwenye karatasi na sahihi. Mtu akikataa kuandika pale pale ngoma inabaki kwenye laptop, na hapo usione aibu hata kama ni mshkaji mliokua wote.

Nikupe mfano. Kuna kampuni ya vinywaji iliwahi kuipenda ngoma yetu moja, wakaitaka kwa tangazo. Walinipigia siku ya Jumatano mchana, wanahitaji kabla wiki haijaisha biti bila sauti, kila chombo kwenye faili lake, na uthibitisho wa nani anamiliki nini, tena walisema wazi kwamba wana ngoma nyingine mbili mezani. Jioni ile ile niliwatumia kila kitu. Kiki, ule mpigo mzito wa dramu, peke yake, besi peke yake, ile marimba peke yake, kiitikio bila mwangwi na kiitikio chenye mwangwi, pamoja na karatasi yenye sahihi zetu. Tangazo likawa letu. Hela ilivyoingia dada wa kiitikio alikuwa Babati kwa mama yake, nikamtumia asilimia 20 yake kwenye simu bila mjadala wowote, na mpaka leo nikimuita studio anakuja, maana anajua kwangu hesabu haibadiliki. Ile tabia ya kusema subiri kwanza tuone itakavyoenda ndo inayoua makundi mengi ya mziki kitaani kuliko wivu wa nani anachana zaidi ya nani.

Hapo hapo niongelee biti za YouTube maana hili linawamaliza madogo wengi. Unakuta biti kali imeandikwa ni ya bure, unaishusha, unachana, unaachia. Bure hiyo mara nyingi maana yake ni bure kwa kujifurahisha, ukitaka kuiingiza kwenye biashara unatakiwa ununue leseni. Na hata ukinunua leseni ya bei ndogo ujue umekodi tu, biti ile ile wamekodi marapa wengine kibao duniani. Ukiisajili ngoma yako kwenye ule mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, mfumo utaanza kuzishika ngoma za wenzako wote waliokodi hiyo biti, au wao watakuwahi na ya kwako ndo itashikwa, na hela ya matangazo inaenda kwingine wakati wewe unabishana na kompyuta. Soma leseni neno kwa neno, nyingi zinakataza kabisa huo usajili. Kama huwezi kupika mwenyewe mtafute prodyuza mtaani kwako, chalii anayejifunza FL Studio, ile programu ya kupikia biti, na mwenye njaa kama yako, mgawane nusu kwa nusu mkue wote. Sampuli nayo ni hivo hivo, ukikata kipande cha wimbo wa zamani kuna mwenye utunzi na kuna mwenye rekodi, ruhusa unahitaji kwa wote wawili. Mi siku hizi nikitaka ladha ya gitaa la dansi la zamani namuita mpiga gitaa anapiga kitu kipya, namlipa na anasaini, basi, napata ladha ile ile na hakuna wa kunidai.

Haya, maiki. Nunua ya bei unayoweza, afu nguvu zako zipeleke kwenye chumba. Chumba cha kupanga cha kawaida kina kuta tupu, bati juu na dirisha la vioo, sauti inagonga kila upande na hakuna programu itakayokuja kuutoa huo mwangwi vizuri. Mi nilikuwa narekodi sauti usiku mkubwa, bodaboda zikishapungua na jirani kazima redio. Godoro nalisimamisha nyuma yangu, maana maiki inasikia kinachorudi kutoka nyuma ya mchanaji, kabati la nguo naliacha wazi pembeni, blanketi dirishani, friji nachomoa. Mdomo na maiki shubiri moja, maiki imeinama kidogo pembeni ili zile p na b zisipasue. Sauti ukiwa unachana kwa nguvu zote isipite -6 dB kwenye kipimo, usiipandishe mpaka iguse nyekundu ukidhani ndo inakuwa na nguvu. Rekodi vesi yote kwa pumzi yako ya kweli, kama unakata kila mstari kwasababu pumzi imekata ujue jukwaani utaaibika, rudi kwenye daftari upunguze maneno. Mvua ikianza kupiga bati acha, lala, utaendelea kesho.

Na ukimiksi usiibane ngoma mpaka ikose pumzi. Spotify kwa mfano inashusha sauti za ngoma zote zikaribiane kwenye -14 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti ya ngoma nzima, kwahiyo ile ngoma uliyoibana ili ipige kelele kuliko ya mwenzako inashushwa, inasikika imechoka na kiki yake haina mgongo.

Kutunza mafaili ni sehemu ya umiliki, narudia hili kila siku. Ukimaliza ngoma toa kila chombo na kila sauti kwenye faili la WAV la 24-bit, zote zianzie sekunde ya sifuri. FL Studio yenyewe ukiinunua masasisho yake ni bure maisha yote, hilo nalipenda, ila plagini za kuiba, zile programu ndogo za ala na za kurekebisha sauti, ulizoweka leo zinaweza zisifunguke ukibadilisha laptop na mradi wako wote ukabaki na matundu. Toa na toleo la biti tupu, toleo la sauti tupu, na toleo safi la redio. Nakala moja ikae kwenye diski ya nje na diski yenyewe ikae nyumba nyingine, kwa bimkubwa au kwa dada, maana mwizi akiingia geto anabeba laptop na diski kwa pamoja. Nakala nyingine iweke mtandaoni usiku bando likiwa rahisi.

Usajili usiukimbie. BASATA, baraza la sanaa la taifa, kwa wewe kama msanii, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa kazi zako, ukiwa Zanzibar ofisi ya hakimiliki ni COSOZA. Haki yako inaanza pale ulipotunga na kurekodi, ila cheti ndo kinachoongea ukifika kwenye ugomvi. Kwenye kusambaza mtandaoni kuna wasambazaji wanaotoza ada ya mwaka na kukuachia mapato yote, na kuna wanaokata asilimia. Wa ada ya mwaka uliza kabisa nikiacha kulipa ngoma zinabaki au zinashushwa, maana kwa baadhi yao zinashushwa na namba zako zote zinaondoka nazo. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, iandike kwenye daftari lako, ukihama msambazaji unaenda nayo ile ile na hesabu ya wasikilizaji inaendelea. Na usiruhusu mtu yeyote, hata mpiga video wako, aweke ngoma kwenye akaunti yake ya YouTube eti kwasababu ana mashabiki wengi. Mi ilinitokea, video ikaenda vizuri na mpaka leo ipo kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Hela ya strimu kwa rapa wa kujitegemea Bongo ni ndogo, nakuambia ukweli ili upange maisha yako. Spotify ilifika kwetu 2021, na tangu 2024 rekodi isiyofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 hailipwi mrabaha kabisa. Kinacholipa kodi yangu ni kuwa prodyuza. Namiksi ngoma za wenzangu, narekodi matangazo ya magari ya matangazo, na zaidi ya vyote narekodi kwaya. Hapa Arusha kwaya ni nyingi, zinachangishana mapema na zinalipa kwa wakati. Chumba hakiwezi kuingiza watu 30 kwahiyo nawaingiza kwa makundi, soprano, alto, tena, besi, kila kundi linarekodiwa mara mbili, wengine wanasubiri nje na chai. Kuna marapa wanaona hiyo kazi inawashushia hadhi. Mimi kwaya zimenifundisha kupanga sauti kuliko video yoyote ya mafunzo, na viitikio vyangu vya sasa hivi vimetoka pale.

Wale jamaa wa vibanda wanaowaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi kuwa nao vizuri, wapelekee singo zako mwenyewe zikiwa na jina sahihi na namba yako ya simu kwenye jina la faili, madereva wa noah na wa daladala wanazipata pale. Albamu nzima usiwape, albamu iuze kwa mkono na kwa simu, mtu akilipa unamtumia, na namba yake unaihifadhi kwa idhini yake. Hiyo orodha ya namba ina thamani kuliko wafuasi, kwasababu akaunti inaweza kufungwa wakati wowote.

Kwenye shoo mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, tarehe, mahali, dakika utakazopanda, nani analeta maiki na spika, nani analipa nauli na malazi. Nusu ya malipo iingie kwenye simu kabla hujakata tiketi ya basi, nusu iliyobaki kabla hujapanda jukwaani, na nauli ya DJ wako isikatwe kwenye hizo nusu mbili.