Nilivyookoa euro 18 nikakosa picha za harusi

Harusi ya binamu yangu ilikuwa Brussels saa nane mchana, na sare za kitenge za upande wetu wote zilikuwa kwenye begi langu. Mimi naishi Hannover, Ujerumani. Siku kumi kabla nilikaa na simu natafuta nauli, nikagundua kwamba nikikata tiketi ya Hannover hadi Köln peke yake, halafu ya Köln hadi Brussels kwa kampuni nyingine, naokoa euro 18. Nikajiona mjanja.

Treni ya kwanza ikachelewa dakika 50. Köln nilishuka nakimbia, begi linagonga magoti, nikafika jukwaani nikakuta reli tupu.

Dada wa dirishani aliziangalia tiketi zangu akaniambia kwa upole tu: hizi ni safari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kukufikisha Köln, na umefika. Ya pili hukutokea. Nikanunua nyingine kwa karibu mara tatu ya bei ya ile iliyonipita, nikasubiri saa mbili. Kwenye picha za mlangoni mwa kanisa, bibi harusi amezungukwa na ndugu zake, kila mmoja na rangi yake. Shangazi hakunisemesha mpaka keki ilipokatwa.

Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza si bei. Nauliza: treni ya kwanza ikichelewa, hasara ni ya nani? Kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Juni 2023 zinasema ukichelewa kufika mwisho wa safari kwa dakika 60 hadi 119 unadai asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 asilimia 50. Ujanja uko kwenye hayo maneno "mwisho wa safari". Kwa tiketi yangu ya kwanza mwisho ulikuwa Köln, nikachelewa dakika 50, kwa hiyo sikuambulia hata senti. Ingekuwa tiketi moja hadi Brussels, ningepandishwa treni iliyofuata bila kulipa na nusu ya nauli ningeidai.

Na usidhani kulipa mara moja ndiyo kuwa na tiketi moja. Programu za kuuza tiketi zinaweza kukuwekea vipande viwili kwenye kikapu kimoja. Muuzaji anatakiwa kukujulisha kabla hujalipa kama ni mikataba tofauti, na maandishi hayo ni madogo, yatafute. Ukiwa umeshaharibikiwa kama mimi, muombe mhudumu wa treni iliyochelewa akuthibitishie ucheleweshaji kwa maandishi au mhuri. Makampuni kadhaa makubwa yana makubaliano yanayoitwa AJC, ya kumruhusu msafiri wa kimataifa aliyekosa treni kwa namna hii kupanda inayofuata ya kampuni ileile, hata kama tiketi zilikatwa mbalimbali. Ni hisani zaidi kuliko haki, lakini kuuliza si ujinga. Mimi nililijua wiki mbili baadaye!

Jambo lingine linalotuchanganya sisi tuliozoea nauli ya SGR, ambayo ni ileile ukikata leo au wiki ijayo: huku bei ya chini inakufunga. Sparpreis, yaani tiketi ya bei nafuu ya Ujerumani, ni ya treni uliyoichagua, ya saa ileile. Super Sparpreis ni hivyohivyo, na hela yako hairudi ukighairi. Flexpreis ni ghali, lakini unapanda treni yoyote ya siku hiyo kwenye njia yako. Tena kati ya Köln na Brussels zinapita treni za kasi za kampuni mbili, ICE ya Ujerumani na Eurostar, reli moja, stesheni zilezile, na tiketi ya ICE haikupandishi Eurostar. Usirukie tu treni kwa sababu imeandikwa Brussels.

Kuhusu pasi za kuzunguka nchi nyingi, watu huniuliza sana Interrail na Eurail zina tofauti gani. Tofauti ni unapoishi, wala si pasipoti. Mimi Mtanzania mwenye makazi Ujerumani nanunua Interrail; kaka yangu akija kutembea kutoka Dar ananunua Eurail. Pasi inalipa ukiwa na miji mingi na muda wa kutosha. Kwa harusi moja na kurudi, achana nayo. Na hata ukiwa nayo, TGV (treni za kasi za Ufaransa) na Eurostar wanataka uhifadhi siti kwa kulipia pembeni, na siti za wenye pasi zinaweza kuisha wakati treni yenyewe bado ina nafasi.

Mwisho, maana kuna aliyeniandikia anataka kumpeleka mama yake London kwa treni akitokea Brussels: viza ya Schengen, ile inayokuingiza Ubelgiji na Ujerumani, haivuki hapo. Maofisa wa uhamiaji wa Uingereza wako palepale stesheni ya Midi, wanakagua pasipoti kabla hujapanda. Mama asipokuwa na viza ya Uingereza atarudishwa kabla hata hajaiona treni, na tiketi mkononi.