JIBU: Mdogo wangu yuko kidato cha sita Newala, mambo ya mkopo na chuo tuanze lini?

Dada, umeuliza mambo matatu. Mdogo wako anasoma CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), baba alishafariki, analelewa na mjomba wenu mkulima wa korosho na ufuta. Unataka kujua muanze lini kushughulikia mkopo, division ngapi inampeleka chuo kikuu, na kama ni sawa kumwachia kijana wa steshenari awajazie kila kitu. Naanza na mkopo, maana hapo ndipo penye vikwazo vingi.

Anzeni sasa hivi, Januari, msisubiri tangazo. Tazama kalenda inavyobana. Mtihani wa taifa ni Mei. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni vijana wanaripoti JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Dirisha la Bodi ya Mikopo miaka ya karibuni linafunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Matokeo yanatoka Julai, na vyuo vinaanza kupokea maombi wakati huohuo. Yote hayo yanamkuta kijana yuko kambini, simu hana, printa hakuna. Kwa hiyo karatasi yoyote inayoweza kupatikana kabla ya Mei, ipatikane kabla ya Mei.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa, na hapa watu wa kusini tuna tatizo letu. Kijana anaweza kuwa na jina la kadi ya kliniki, jina alilotoka nalo jandoni, na jina aliloandikishwa darasa la kwanza na mwalimu aliyesikia alivyosikia. Mfumo wa mkopo hauna habari na hayo. Unavuta majina ya NECTA (Baraza la Mitihani) kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, kisha unalinganisha na cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Cheti cha NECTA kikisema Saidi Hamisi Bakari na cha kuzaliwa kikasema Said Khamis, mmeshakwama.

Kama mdogo wako hana cheti cha kuzaliwa kabisa, usisikitike, huyo ana kazi nyepesi kuliko mwenye cheti chenye jina jingine. Chukueni cheti au matokeo yake ya kidato cha nne, muombe cheti cha kuzaliwa kwa majina yaleyale, herufi kwa herufi, mpangilio uleule. Ofisi ya RITA ya wilaya iko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Nendeni na tangazo la kizazi kama lipo, au kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, kitambulisho cha mama na barua ya mtendaji wa kijiji. Maombi yenyewe yanapitia eRITA, mfumo wa RITA wa mtandaoni, na kumsajili mtu mzima kunachukua muda mrefu kuliko mtoto mchanga, hilo mlijue mapema. Kama cheti anacho lakini majina yanapishana, msikimbilie kumfanya karani afute na kuandika juu. Njia halali ni wakili kuandaa hati ya kubadili jina na kuisajili. Cheti cha NECTA ndicho mkiache kama kilivyo, kingine ndicho kikifuate.

Kuwa na cheti si kuhakikiwa. Huu ni mtego mwingine. Mkishakipata, mnaingia tena eRITA kuomba uhakiki, mnalipia, mnapewa namba ya uhakiki. Namba hiyo ndiyo inayojazwa kwenye fomu ya mkopo. Dirisha likiwa limefunguliwa nchi nzima inaomba uhakiki kwa wakati mmoja, foleni inakuwa ndefu, na wengine wanapata namba wakati dirisha limefungwa. Fanyeni Februari au Machi.

Cheti cha kifo cha baba kinakwenda kwa utaratibu huohuo: kipatikane, kihakikiwe. Huku kwetu wazee wengi wanazikwa kijijini na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo. Bila cheti kilichohakikiwa, kwenye mfumo kijana si yatima, hata kijiji kizima kije kutoa ushahidi. Anzeni na kibali cha mazishi au karatasi ya hospitali kama ipo, kama haipo barua ya mtendaji, halafu RITA wilayani. Niseme na hili kwa wengine wanaosoma: mtoto aliyelelewa kwa mjomba au bibi kwa sababu baba aliondoka, baba yake hajafa. Msimwandike marehemu ili kupandisha alama. Taarifa zinahakikiwa, na uongo ukigundulika unamharibia hata yule aliyekuwa na haki.

Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tafuteni namba ya kaya kwenye kadi ya mnufaika, ina uzito kwenye kupima uhitaji. Kama alisomeshwa sekondari na mfadhili, chukueni barua ya mfadhili huyo. Mwenye ulemavu anahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Na kitambulisho cha taifa (NIDA), kama amefikisha miaka 18, aanze sasa, kwa majina yaleyale.

Dirisha likifunguka, hatua zenyewe si ngumu. Anafungua akaunti kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuomba mkopo mtandaoni, kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne: namba ya shule, ya mtahiniwa, na mwaka. Aliyerudia mtihani ajaze namba zote. Namba atakayoombea mkopo ndiyo aombee na chuo. Akiombea chuo kwa namba ya kidato cha nne cha kwanza na mkopo kwa namba ya marudio, Bodi inaona watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana ombi hana chuo. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, hairudishwi, na inalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Mtu akikutajia namba yake ya simu umtumie hela "akulipie", ondoka hapo.

Baada ya kujaza mnachapisha fomu na kuzisaini. Hapa nikae kidogo, kwa kuwa ombi linaweza kuwa zuri likafia kwenye mhuri. Anasaini mwombaji, anasaini mdhamini, anasaini na kugonga mhuri kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha hakimu au wakili kama kamishna wa viapo. Mdhamini si lazima awe tajiri, mjomba anatosha, ila awe na kitambulisho kinachosomeka na picha ya pasipoti. Mhuri wa kijiji ambao wino umekauka, ukitoka nusu duara, rudini ugongwe upya palepale. Wakati wa kupakia, kurasa zenye sahihi (miaka ya karibuni ni wa 2 na wa 5) zipitishwe kwenye skana, zitoke PDF iliyonyooka. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono na kona iliyokunjika haisomeki, na hakuna atakayekupigia kukuuliza kilichoandikwa. Mkimaliza fungueni mlichopakia, mkisome chote, ndipo mbonyeze kuwasilisha.

Sasa huyo wa steshenari. Mtumieni kwa printa, skana na intaneti, hiyo ndiyo kazi yake. Akaunti iwe kwa barua pepe na simu ya mdogo wako au yako wewe, nywila mnaijua ninyi. Shida inayojirudia ni kijana wa steshenari kuandika barua pepe yake na laini yake kwa waombaji kumi, kisha kupoteza simu au kuhamia Masasi. Kuhusu JKT, ujazaji wa taarifa mnaweza kumsaidia akiwa kambini, lakini sahihi yake asaini mwenyewe. Kabla hajaondoka muulizane nani atampelekea karatasi akipangiwa kambi ya mbali. Akiangukia Nachingwea ni jirani, akipelekwa Kigoma ni habari nyingine.

Kwenye matokeo, acheni kuangalia division peke yake. NECTA wanahesabu alama ndogo kuwa nzuri: A ni 1, E ni 5, S ni 6. Vyuo kwa mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) vinahesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Sharti la chini la shahada ni ufaulu wa kiwango cha principal (A hadi E) katika masomo mawili yanayohusika na kozi, yakijumlishwa yafike 4. Chukua vijana wawili wa CBG. Mmoja ana D, D na S: NECTA ni pointi 14, division three. Mwingine ana D, E na E: nayo ni 14, division three. Wa kwanza anapata 2 na 2, zimetimia 4. Wa pili ana 2 na 1, chuo kikuu hakuna. Kwa hiyo mwanafunzi dhaifu katika masomo yote matatu afadhali ainue mawili mpaka D kuliko kugawa muda sawa. General Studies na BAM (hisabati ya nyongeza) haziingii kwenye hesabu hiyo.

Akiwa kama huyo wa pili, kuna stashahada kupitia vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na GPA ya 3.0 inamfungulia shahada baadaye. Tangu 2023/24 Bodi inatoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada pia. Na kwa CBG msipoteze ada ya maombi kwenye udaktari, unadai Fizikia. Angalieni kilimo na misitu SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine), ualimu wa sayansi, mazingira. Vyuo mnaomba kila kimoja moja kwa moja. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa. Asiyethibitisha hahesabiki kuwa na chuo, na asiye na chuo hapangiwi mkopo.

Mjomba akiogopa deni, mwelezeni hivi: marejesho yanaanza baada ya miezi 24 tangu kumaliza chuo, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021. Hakuna mkorosho unaowekwa rehani.

Lililobaki ni hela ya mkononi. Ada ya maombi na ya vyuo inahitajika Juni hadi Agosti, na hapo korosho bado, minada yake ni kuanzia Oktoba. Kinachookoa ni ufuta, malipo yake yakiingia kupitia AMCOS (chama cha ushirika) mtenge ya kazi hii kabla ya sherehe za jando na unyago hazijayala. Oktoba au Novemba anaripoti chuo, na boom, yaani hela ya kujikimu, la shilingi 10,000 kwa siku haliingii siku anayoshuka kwenye basi. Mpaka asajiliwe, asaini kwa alama ya kidole, akaunti ya benki iwe kwa majina yaleyale. Mpeni nauli na chakula cha mwezi mzima.