Ala mpya ya ngozi inaing'ang'ania bastola: ilegezwe vipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Houston, Texas, na nina Glock 19 ninayoibeba kihalali, nikiificha kiunoni. Wiki iliyopita nimepokea ala ya ngozi ya kuvaa ndani ya suruali. Bastola inaingia kwa kusukumwa sana, na ikishafika chini haitoki. Nikivuta, ala nzima inapanda pamoja na mkanda. Rafiki mmoja ananiambia niiloweke kwenye maji ya moto kisha niivae hadi ikauke. Mwingine anasema niipake mafuta ya kwato, yale wanayopaka matandiko ya farasi. Nani yuko sahihi? Au nimeuziwa ala isiyo saizi yake?

JIBU: Ndugu yangu, usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Ala yako huenda ni nzima kabisa, na ugumu huo unaokukera ndio kitu ulichokilipia. Unachohitaji ni kuisogeza ngozi kidogo tu, kiasi cha unene wa karatasi, pale inapobana. Kuilainisha ala nzima ni kuiharibu.

Tuanze na jinsi inavyotengenezwa. Ala nzuri hukatwa kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama magome ya miwati inayolimwa Njombe, yenye unene wa milimita 3 hivi. Ikishashonwa hulowanishwa, huchomekwa bastola ya bandia ya plastiki, kisha fundi huikandamiza kwa mkono na kifaa butu hadi umbo lote lijichore: slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma), tundu la kutolea maganda, na hasa kikingo cha triga (kipete kinachozunguka kifyatulio). Ngozi hiyo ikikauka hukakamaa na kusinyaa kidogo, na ndiyo maana ikitoka karakana hubana kuliko itakavyobana baada ya mwezi. Ala ambayo bastola inateleza vizuri tangu siku ya kwanza, aghalabu baada ya miezi michache imelegea.

Kabla ya yote, toa risasi. Toa magazini (kasha la risasi) kwanza, kisha vuta slaidi nyuma, itoe risasi iliyo kwenye chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu), funga slaidi ikiwa nyuma, utazame chemba kwa macho na kuigusa kwa ncha ya kidole kidogo. Mpangilio huo usiugeuze. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi nyingine inapanda chemba na wewe unadhani bastola ni tupu. Magazini na risasi zote zipeleke chumba kingine, na kazi yote ninayoieleza hapa ifanywe bila risasi yoyote karibu. Bastola iliyokwama humfanya mtu avute kwa hasira, na mkono wenye hasira hutafuta mahali pa kushika, hata kwenye triga.

Sasa pima tatizo liko wapi. Ivue ala, ishike mkononi, uchomeke bastola. Kama nje ya suruali inatoka kwa nguvu ya kawaida lakini ukivaa inakwama, ngozi haina kosa. Kinachobana ni suruali na mkanda. Ala ya ndani pamoja na Glock 19 vinahitaji nafasi ya inchi 1 hadi 2 za kiuno zaidi ya suruali unayovaa siku zote. Na kama ala inapanda na mkanda, mkanda wenyewe ni laini. Tumia mkanda mgumu wenye upana unaojaza vitanzi vya ala. Kitanzi cha inchi 1.5 kikivaliwa kwenye mkanda wa inchi 1.25, ala itapanda zaidi ya nusu sentimita kabla bastola haijaanza kutoka, na utaidhani ngozi ndiyo inayoing'ang'ania.

Ikibana hata mkononi, tazama nyuma ya ala au ndani ya kitanzi. Mafundi wengi hugonga muhuri wa modeli hapo. Ala ya Glock 19 huchukua pia Glock 23 na 32 za vizazi vya kabla ya cha tano, maana umbo la nje ni moja. Ala ya Glock 43 au 48 haitakufaa hata ukiivutavuta mwaka mzima, kwa sababu slaidi za hizo ni nyembamba. Na kama umeibadilishia bastola yako kilengeo cha mbele kikawa kirefu kuliko cha kiwandani, hicho peke yake kinatosha kuchimba mfereji ndani ya ngozi na kugoma kutoka. Hapo mwandikie fundi aliyeitengeneza.

Modeli ikiwa sahihi, dawa yake ni mfuko wa plastiki na usiku mmoja. Chukua mfuko mwembamba wa kuwekea mkate au sandwichi, usio na maandishi, kwa sababu wino huhamia kwenye ngozi. Mtumbukize Glock tupu humo, mtutu ukielekea kwenye pembe ya mfuko, kunjua plastiki ilale bila mikunjo, na ukate ziada inayofunika mshikio. Karatasi ya nta ya jikoni inafaa vilevile, na huacha nta kidogo ndani inayosaidia kuteleza. Chomeka polepole, ukisukuma wima, kidole kikiwa kimenyooka juu ya kikingo cha triga. Karibu na mwisho utahisi kizuizi, kisha mtikisiko mdogo wa kikingo kikikaa kwenye kitanda chake. Hapo ndipo penyewe. Ikigoma kabla ya hapo usiigonge wala kuikalia. Izungushe kidogo kushoto na kulia, milimita chache tu, huku ukiendelea kusukuma.

Iache hivyo kwa muda wa saa 8 hadi 12, kivulini, ndani ya nyumba, mahali penye kufuli. Asubuhi itoe, ondoa plastiki yote, ikague isiwe imechanika na kuacha kipande ndani, kisha ijaribu bila mfuko. Mara nyingi usiku mmoja unatosha. Ikibana bado, rudia usiku wa pili kwa mifuko miwili. Nisingevuka hapo. Wako watu wanaotumia soksi au fulana kuukuu badala ya plastiki ili wamalize haraka. Kitambaa huongeza milimita nzima kila upande, na ngozi iliyotanuliwa kiasi hicho hairudi. Vilevile usiiache bastola imo wiki nzima ukidhani muda zaidi ni faida. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuubakiza kwenye chuma, na kwa Houston, ambako hewa ni nzito kama ya Mombasa mwezi wa Aprili, hivyo ndivyo kutu huanza.

Baada ya hapo kinachobaki ni mazoezi. Vaa ala na mkanda wako wa kawaida, bastola tupu, ukielekea ukuta imara, na uchomoe mara 20 au 25 kwa siku, siku 5 hadi 7. Kwanza mkono ushike mshikio kikamilifu, kisha uvute wima kwenda juu. Anayevuta kwa kuinamisha mshikio nyuma huipinda slaidi dhidi ya mdomo wa ala, na ala yoyote itakataa hivyo hata ikiwa ya miaka kumi. Wakati wa kuichomoa iliyokwama sana, weka kidole gumba cha mkono mwingine juu ya ukingo wa mdomo wa ala na uisukume ala chini badala ya kuivuta bastola juu. Hakikisha mkono huo haupiti mbele ya mtutu.

Siku ya tatu au ya nne ingiza mwanga wa tochi ndani ya ala. Utaona ngozi ya ndani imefifia, isipokuwa madoa mawili matatu yanayong'aa kama kiti kilichokaliwa sana. Hapo ndipo bastola inaposugua. Kwa Glock, mara nyingi doa moja huwa mbele ya kikingo cha triga, jingine kwenye njia ya kilengeo cha mbele, na la tatu kwenye reli ya chini ya mtutu. Chukua mpini laini wa kijiko cha mbao na usugue doa hilo tu, kwa nguvu, likiwa kavu, dakika mbili hivi, hadi nyuzi zilale. Ukitaka, pitisha kipande cha mshumaa mweupe wa kawaida mara moja juu yake kisha usugue tena. Nta ya nyuki usitumie. Kwa joto la mwilini hunata, na utakuwa umeongeza tatizo. Eneo la kikingo cha triga liguse mwisho na kwa kiasi kidogo kabisa, maana mbano wa hapo ndio unaoishikilia bastola ukikimbia au ukiinama.

Sasa nirudi kwa ushauri wa marafiki zako, kwa sababu unaweza kukuumiza. Ngozi ya magome ikiwa imelowa huanza kusinyaa na kukunjamana kwenye nyuzi joto 70 na kitu, na maji yaliyotoka kuchemka yanavuka hapo. Itatoka ndogo kuliko ilivyoingia, ngumu na yenye kupasuka. Maji ya vuguvugu hayataiharibu hivyo, lakini yatafuta umbo alilochora fundi, nawe ukiivaa mbichi itachukua umbo la nyonga yako.

Mafuta ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mwanzoni yanapendeza. Mafuta ya kwato yametengenezwa ili nyuzi za ngozi ziteleze na tandiko lilegee. Kwenye ala, wiki ya kwanza utafurahi, mwezi wa pili mdomo utaanza kujifunga kila ukichomoa bastola. Glock 19 haina swichi ya usalama ya kubonyeza kwa kidole gumba. Kinachozuia triga ni kile kiulimi kidogo katikati yake, na triga ya kiwandani huvutwa kwa nguvu ya kilo 2.5 hivi. Mdomo uliolegea ukikunjika kuelekea ndani, kunjo hilo huingia kwenye kikingo, huminya kiulimi na triga pamoja, na mkono wako unaosukuma bastola chini hutoa zaidi ya kilo hizo bila wewe kuhisi. Risasi inapita pajani. Kwa sababu hiyohiyo usipake sabuni ya ngozi kwa wingi, wala usipulize silikoni au WD-40 ndani ya ala. Vyote hunywewa na ngozi na kuilainisha. Usiiache pia ndani ya gari lililofungwa juani.

Utunzaji wake ni mdogo. Ukivua jioni, toa bastola, ifute jasho kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya silaha, nayo ala itundike penye hewa hadi asubuhi. Jasho lina chumvi, na chumvi pamoja na tindikali ya magome hula slaidi. Ukungu mweupe ukitokea nje ya ala, ufute kwa kitambaa kikavu ukiwa nje ya nyumba.

Kujua kama imekaa sawa, fanya jaribio hili juu ya godoro: bastola tupu ndani ya ala, igeuze mdomo chini, uitikise taratibu. Isidondoke. Kisha vaa, uchomoe kwa mkono mmoja bila ala kupanda, na urudishe kwa mkono huohuo bila kutumia mwingine kuufungua mdomo. Ikipita yote matatu mara 50 mfululizo bila risasi, ndipo uibebe na risasi. Ikiwa baada ya usiku mbili za mfuko na wiki moja ya kuchomoa bado inakulazimisha kuvuta kwa mikono miwili, au umbo lake linaminya kitufe cha kuachia magazini kila unapoichomeka, irudishe kwa aliyeitengeneza ukimwambia modeli, kizazi cha Glock yako na aina ya kilengeo. Anayo bastola ya bandia ya kuichomekea upya, na kwake hiyo ni kazi ya siku moja.